Mgombea wa tatu na hesabu ya nusu

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, Mkenya aliyechoshwa na vinara wawili wakubwa huambiwa maneno yaleyale: ukimpigia yule wa tatu, umetupa kura yako. Kabla ya Katiba ya 2010 maneno hayo yalikuwa na uzito. Leo, kwa kiasi kikubwa, ni uvivu wa hesabu. Uchaguzi ujao ni Jumanne, Agosti 10, 2027, na wapo waliokwisha kutangaza nia ya kuwania urais nje ya mirengo mikubwa, akiwemo Jaji Mkuu mstaafu David Maraga na Seneta wa Busia Okiya Omtatah. Makala haya hayamuungi mkono yeyote kati yao. Nia ni kueleza kura ya mgombea wa tatu inafanya kazi gani hasa, na ni maswali gani aulizwe kabla hujampa.

Tuanzie tulikotoka. Mwaka 1992 Daniel arap Moi alishinda kwa kura milioni 1.96, yaani kama asilimia 36. Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga waligawana zaidi ya milioni 3.3. Mwaka 1997 Moi alirudi Ikulu kwa takriban asilimia 40 huku Kibaki, Raila Odinga, Wamalwa Kijana na Charity Ngilu wakiuma vipande vya upinzani. Sheria ya wakati huo ilimtaka mshindi aongoze kwa kura na apate robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane, basi. Hakukuwa na nusu ya kufikia. Chini ya utaratibu huo, kila kura iliyomwendea wa tatu, wa nne au wa tano ilikuwa kama zawadi kwa anayeongoza. Kizazi kilichopiga kura miaka ile kilijifunza somo hilo kwa uchungu, kikawarithisha watoto wake, na watoto wanaendelea kulikariri ingawa sheria yenyewe imekwisha kufa.

Kifungu cha 138 cha Katiba kinataka mambo mawili kwa pamoja: mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na apate angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Asipotimiza yote mawili, uchaguzi mwingine hufanyika ndani ya siku 30, ukiwahusu yule wa kwanza na yule wa pili tu. Katika duru hiyo anayepata kura nyingi ameshinda, na sharti la kaunti halipo tena.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Chukua matokeo ya Agosti 2022 kama tume ya uchaguzi, IEBC, ilivyoyatangaza: William Ruto kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930, George Wajackoyah 61,969, David Mwaure Waihiga 31,987. Jumla ya kura halali ni 14,213,027, na nusu yake ni kama 7,106,513. Watu wengi hukumbuka tofauti kati ya Ruto na Raila, ambayo ni zaidi ya kura 233,000. Lakini tofauti iliyoamua kama kungekuwa na duru ya pili ni ndogo zaidi: Ruto aliivuka nusu kwa kura 69,628 tu.

Sasa tazama kura moja inavyoisogeza namba hiyo. Mtu aliyekuwa ampigie anayeongoza akihamia kwa wa tatu, ziada ile inapungua kwa kura nzima moja, kwa sababu jumla haikubadilika ila fungu la kiongozi limepungua. Mtu huyohuyo akikasirika akabaki nyumbani, ziada inapungua kwa nusu kura tu, kwa kuwa jumla nayo imeshuka. Na mtu ambaye hakuwa apige kabisa, akijitokeza na kumpigia yeyote asiye kiongozi, naye anaipunguza kwa nusu. Kwa hiyo 2022 wafuasi 69,628 wa Ruto wangemhamia Wajackoyah, Kenya ingekwenda duru ya pili. Kama wangeamua kukaa nyumbani badala yake, wangehitajika mara mbili yao, 139,255, kufanya kazi ileile. Waliojiandikisha bila kupiga kura mwaka huo walikuwa zaidi ya milioni 7.7.

Lipo jambo jingine ambalo wapiga debe wa upinzani hawapendi lisemwe. Kura inayotoka kwa mgombea wa pili kwenda kwa wa tatu haimsaidii anayeongoza kuvuka nusu hata kidogo. Asilimia yake inabaki palepale. Wafuasi 100,000 wa Raila wangempigia Mwaure, Ruto angebaki na asilimia 50.49 zilezile. Kwa kizingiti cha nusu, kura ya wa pili na kura ya wa tatu zina uzito sawa. Anayekuambia umemwibia mgombea wake ana haki ya kulalamika pale tu mgombea wake mwenyewe alipokuwa karibu kuvuka nusu katika duru ya kwanza, au alipokuwa katika hatari ya kupoteza nafasi ya pili.

Hatari hiyo ya pili ipo, na haifai kufichwa. Kiongozi akiwa na asilimia 45, wa pili 28 na wa tatu 27, mtu anayecheza na kura yake anaweza kuamua nani aingie fainali, na huenda aliyeingia ndiye dhaifu zaidi mbele ya kiongozi. Kwa hiyo kura za maoni za wiki za mwisho zisomwe kwa maswali mawili tofauti: je, kuna anayekaribia nusu? Na je, nafasi ya pili ina mvutano? Swali la kwanza likijibiwa hapana na la pili likajibiwa hapana, mpiga kura yuko huru kabisa kumchagua anayemwamini. Likijibiwa ndiyo la pili, inabidi afikirie upya ni yupi kati ya wale wawili angependa kumwona mwezi unaofuata.

Wapo wanaoharibu kura makusudi ili kuonyesha hasira. Mwaka 2013 jambo hili lilifika mahakamani. IEBC ilikuwa imejumlisha kura zilizokataliwa, karibu 109,000, katika jumla iliyotumika kutafuta asilimia, na Uhuru Kenyatta akatangazwa kwa asilimia 50.07, akiivuka nusu kwa kura takriban 8,400 tu. Mahakama ya Juu iliamua Machi 30, 2013 kwamba kura zilizokataliwa si kura kwa hesabu hiyo. Kwa jumla ya kura halali pekee, Uhuru ana asilimia 50.51, na ziada yake inapanda hadi karibu 63,000. Maana yake kwa mwenye hasira ni hii: karatasi yenye matusi au alama kwa wagombea wote ni sawa na kulala nyumbani. Haiingii kwenye jumla, kwa hiyo haipandishi kizingiti. Karatasi hiyohiyo ikiwa na alama moja safi kwa mgombea wa nne asiye na matumaini yoyote, inapandisha kizingiti. Mwaka huohuo Musalia Mudavadi alipata kura 483,981. Duru ya pili ilikuwa karibu namna hiyo.

Sharti la kaunti 24 hutajwa kidogo kwa sababu wagombea wawili wanapotawala kila mmoja hulitimiza bila jasho. 2022 Ruto alifikisha robo katika kaunti 39 na Raila 34. Akitokea wa tatu mwenye nguvu za kweli katika maeneo kadhaa, wote watatu wanaweza kuanza kuhangaika katika kaunti ambazo si ngome za yeyote.

Kenya haijawahi kufanya duru ya pili ya urais. Tulicho nacho cha kulinganishia ni marudio ya Oktoba 26, 2017, baada ya Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa Agosti, na Raila akajiondoa. Waliojitokeza walishuka hadi kama asilimia 39. Halikuwa jambo la aina moja, lakini linaonyesha jinsi nchi inavyochoka. Ndani ya siku 30 kuna kuhesabu, kutangaza, kuchapisha karatasi mpya na kampeni. Anayempigia wa tatu kwa matarajio ya duru ya pili awe tayari kurudi foleni. Asiporudi, ameacha kazi nusu.

Hesabu ikishaeleweka, inabaki sera. Hapa ndipo wapiga kura wengi waliokata tamaa hukosea kwa upande mwingine: wanampima mgombea mkubwa kwa rekodi yake na kumpima mgombea mdogo kwa hotuba yake. Mizani iwe moja. Kila ahadi iulizwe itatimizwa kwa chombo gani: amri ya rais, kanuni za waziri, mswada bungeni, bajeti, au kura ya maamuzi. Chombo kikijulikana, gharama na muda vinajitokeza vyenyewe.

Mfano wa ahadi ya Azimio, muungano wa Raila, 2022: Sh6,000 kila mwezi kwa familia zipatazo milioni mbili. Zidisha kwa miezi 12, unapata Sh144 bilioni kwa mwaka. Mapato ya kawaida yaliyotarajiwa mwaka huo wa fedha yalikuwa takriban Sh2.1 trilioni. Ni karibu asilimia 7 ya kila shilingi iliyokusanywa, kabla ya kulipa deni, mishahara na mgao wa kaunti. Inawezekana? Labda, kwa kukata kitu kingine. Kilichopaswa kuulizwa ni kitu kipi.

Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, nao waliahidi Hazina ya Hustler ya Sh50 bilioni kila mwaka na nyumba 250,000 kwa mwaka. Hazina ilizinduliwa Novemba 30, 2022 kwa mtaji mdogo kuliko huo, ikikopesha kuanzia Sh500 hadi Sh50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Kwa nyumba, fedha zilitafutwa kwenye mshahara: asilimia 1.5 ya mfanyakazi na kiwango kama hicho kwa mwajiri, kupitia Sheria ya Fedha ya 2023. Mahakama Kuu ikasema Novemba 2023 kwamba tozo hiyo inakiuka Katiba, na Bunge likaja na sheria nyingine Machi 2024. Afya nayo ilihama kutoka bima ya taifa ya NHIF, ambako anayepata Sh100,000 alilipa Sh1,700, hadi bima mpya ya SHIF ya asilimia 2.75 ya mshahara. Mtu huyo sasa hukatwa Sh2,750 za afya na Sh1,500 za nyumba, jumla Sh4,250. Aliyesoma manifesto akaona neno nyumba bila kuuliza zitajengwa kwa fedha za nani, alipata jibu mwisho wa mwezi.

Sasa mpime wa tatu kwa rula hiyohiyo. Wajackoyah alivuta macho kwa kilimo cha bangi na ufugaji wa nyoka kama njia ya kulipa deni la taifa. Tuache kicheko. Chombo chake ni kurekebisha sheria ya dawa za kulevya ya 1994, jambo linalohitaji wabunge wengi, kisha kanuni za leseni, kisha soko la nje ambalo lina masharti yake ya kimataifa. Hakuna hatua kati ya hizo iliyo mikononi mwa rais peke yake. Mwaure aliahidi kupunguza kodi na kurudisha fedha zilizofichwa nje. La kwanza linapita kwenye Mswada wa Fedha, la pili kwenye mahakama za nchi nyingine ambazo hazina haraka yetu. Na anayeahidi kubadili muundo wa ugatuzi ajue kwamba Kifungu cha 255 kinamdai kura ya maamuzi.

Kalenda nayo hunyamaziwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Rais huchaguliwa Agosti. Kwa hiyo anayeapishwa Septemba huikuta bajeti ya mtangulizi wake ikiwa imepitishwa na imeanza kutumika. Anaweza kuleta bajeti ya ziada, na anaweza kusogeza ruzuku, kama Ruto alivyofanya Septemba 2022 alipoondoa ruzuku ya petroli na kuuza mbolea ya ruzuku kwa Sh3,500 kwa mfuko wa kilo 50. Lakini bajeti ya kwanza iliyo yake kamili ni ile ya Julai mwaka unaofuata. Mgombea yeyote, mkubwa au mdogo, anayeahidi mageuzi makubwa ya matumizi ndani ya siku 100 aeleze ni fungu gani la bajeti ya mtangulizi atakalolikata. Bajeti ya 2025/26 ni takriban Sh4.29 trilioni, na riba ya deni pekee inachukua zaidi ya Sh1 trilioni. Anayesema ataondoa tozo zote bila kugusa mstari huo, na bila kugusa mishahara, hajaanza kuhesabu. Hospitali nyingi na chekechea ziko chini ya kaunti, kwa hiyo ahadi ya rais kuajiri wauguzi wa zahanati inahitaji makubaliano na magavana 47 au fedha zaidi kwa mgao wao.

Swali zito zaidi kwa mgombea wa tatu, kwa maoni yangu, ni la Bunge. Bunge la Taifa lina wabunge 349 bila kumhesabu Spika: 290 wa maeneo, 47 wawakilishi wa wanawake, 12 wa kuteuliwa. Wao ndio huidhinisha mawaziri, hupitisha bajeti na Mswada wa Fedha, na wakifika 233 wanaweza kupitisha hoja ya kumwondoa rais na kuipeleka Seneti. Oktoba 2024 wabunge 281 walipiga kura kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua, na Seneti ikakamilisha siku chache baadaye. Rais aliyeshinda kwa umaarufu wake huku chama chake kikiwa na wabunge kumi angekabili nyumba hiyo kila wiki. Katiba inamzuia hata kuwapa wabunge uwaziri wakiwa bado wabunge, kwa hiyo njia ya zamani ya kuwanyamazisha kwa bendera za magari imefungwa.

Ndiyo maana namba ya kutafuta si idadi ya watu kwenye mikutano, ni idadi ya wagombea wa ubunge waliosimama kwa tiketi ya chama chake au vyama vinavyomuunga mkono. Mpiga kura hupewa karatasi sita siku moja: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake, na mwakilishi wa wadi. Mtindo wa kuvaa suti nzima, vipande vyote sita vya chama kimoja, unawafaa zaidi vinara. Asiye na kinara ana karatasi tano nyingine za kutumia kwa akili. Akimpigia wa tatu kwa urais kisha akampa ubunge mtu wa mrengo anaoulalamikia, ameweka kanyagio na breki kwenye mguu mmoja.

Kisha kuna swali la mgombea mwenyewe: baada ya duru ya kwanza, atafanya nini na kura ulizompa? Historia yetu si ya kutia moyo. Kalonzo Musyoka alipata takriban asilimia 9 mwaka 2007, katika uchaguzi ambao tume ya Kriegler iliyouchunguza baadaye ilisema haiwezekani kujua nani aliushinda. Januari 2008, nchi ikiwaka, aliteuliwa Makamu wa Rais na Kibaki. Mudavadi aliyegombea urais 2013 aliingia Kenya Kwanza 2022 kwa makubaliano yaliyotaja asilimia 30 ya serikali kwa chama chake cha ANC na kwa Ford Kenya, kwa sharti la kura za Magharibi. Mapema 2025 ANC ikamezwa na UDA, chama cha Ruto. Machi 2025 ODM, chama cha Raila kilichokuwa nguzo ya upinzani, kilitia saini makubaliano na UDA. Simlaumu mwanasiasa kwa kutafuta mapatano, hiyo ndiyo kazi. Lakini mpiga kura anayekimbia vinara ana haki ya kudai mapema, kwa maandishi, sera tatu au nne ambazo mgombea wake atazitaja kama bei ya kumuunga mkono mtu katika duru ya pili, na nyadhifa zisiwe miongoni mwazo. Anayekataa kujibu kwa sababu "sisi tunashinda duru ya kwanza" amekwisha kujibu.

Mwisho ni maandalizi, ambayo hutenganisha mgombea na mtu anayetafuta jina. Katiba inamtaka kila mgombea urais ateuliwe na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila moja ya kaunti 24, yaani sahihi 48,000. Mwaka 2022 Mwaure alipata kura 31,987. Waliohitajika kumtia sahihi ili aingie debeni walikuwa wengi kuliko waliompigia. Sahihi zinaweza kukusanywa na mawakala wa kulipwa, kura haziwezi, au angalau hazipaswi.

Mawakala wa vituoni ni jambo jingine. Vituo vilikuwa 46,229 mwaka 2022, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 2017 matokeo ya kituo, yale ya Fomu 34A, ndiyo ya mwisho. Mgombea mdogo hawezi kujaza vituo vyote, wala hahitaji, kwa kuwa 2022 fomu ziliwekwa wazi mtandaoni na yeyote aliweza kuzipakua na kujumlisha. Anachoweza kufanya ni kuchagua vituo mia kadhaa ambako ana wafuasi wa kujitolea, kuwafundisha kupiga picha fomu kabla haijabandikwa mlangoni, na kulinganisha na ile iliyopandishwa. Muulize msimamizi wa kampeni yake wa kaunti yako ana majina ya mawakala wangapi miezi mitatu kabla ya siku yenyewe. Kama hana hata orodha, kura yako ya Fomu 34A italindwa na mawakala wa wale wawili uliowakimbia.